Uchungu wa Fundi Kirit

Mimi Dubow sina subira, wala sijawahi kujisifu kwa hilo. Ndiyo maana miaka sita nikiendesha lori la Kirit Vaghela, fundi wa pampu wa Garissa, alikuwa akinichosha. Mhindu yule hapandishi sauti! Kila alfajiri huketi chini amefumba macho, anavuta pumzi taratibu, shanga mkononi. Siku moja nikamwuliza faida yake nini.

"Nafanya kazi kwa moyo wote, Dubow, lakini matokeo si yangu. Nikisifiwa nisipae. Nikitukanwa nisizame."

Nikaguna. Maneno matamu, nikawaza, ngoja yamfike.

Yakamfika kijijini Hadado, wakati wa kiangazi. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa, na kati ya mifugo iliyongoja maji walikuwamo ngamia wa mama yangu mzazi. Tukang'oa mabomba ishirini na mawili, tukafunga mota mpya, tukayarudisha yote. Kirit akawasha. Maji yakatoka kidogo, yakakatika.

Akasimama mbele ya watu. "Nimekosea mimi. Kiungo kimoja cha mabomba sikukikaza. Tunaanza upya."

Hivyo hivyo, kama anayeagiza chai! Wallahi damu ilinichemka. Nikamtukana mbele ya wazee, nikamwambia amekosea na ana moyo wa jiwe, hana uchungu na wanyama wa watu. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akachukua spana, akarudi kazini.

Jioni ngamia mmoja wa mama akaanguka, hakuinuka tena.

Kesho yake alasiri maji yakaruka. Lo, vigelegele! Wakambeba Kirit juu juu, na mimi bila haya nikamkumbatia. Uso wake ulikuwa ule ule wa jana. Alipowekwa chini alikwenda moja kwa moja kwa mama, aliyekuwa ameketi karibu na mzoga, akasema naye kwa Kisomali chake cha Garissa.

"Mama, ningekikaza kile kiungo, ngamia wako angekunywa jana. Kosa ni langu."

Nani angemwuliza habari ya kosa, siku ya sifa kama ile?

Mama akamtazama sana. "Mwanangu alikutukana."

"Alisema nimekosea, na ni kweli." Kirit akaketi mchangani kando yake. "Akasema sina uchungu. Hapo alinionea."