Mwenye Mbwa Ashike

Mimi nina mdomo, sikatai. Pale Bariadi ninapouza vitenge, watu walinijua kwa mdomo kabla hawajanijua kwa vitenge. Ila kuna siku moja mdomo huu ulinitia aibu, na aibu yenyewe haijanitoka mpaka leo.

Kulikuwa na mbwa jike, koko, sikio moja limekatika. Alikuja msimu wa pamba, malori yalipojaa mtaani, akalala barazani kwangu. Nikamfukuza, akarudi. Nikamtupia mabaki ya ugali na vichwa vya dagaa, basi, nikawa nimejimaliza mwenyewe. Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mimi alinifuata kanisani, kila Jumapili, ananisubiri nje mpaka tutoke. Siku za kazi ananisindikiza dukani. Sikumpa jina. Wateja wakiuliza nasema, "Aa, huyo? Mpita njia tu."

Mimi nilitaka mbwa wa kununua, bwana. Nilikuwa nimejenga, nimezungusha ukuta, nimeweka geti jekundu. Geti lile nililiona halifai kulindwa na sikio nusu! Nikaagiza kitoto cha mbwa wa kizungu kwenye duka moja Mwanza, kikaletwa na basi ndani ya boksi la sabuni, nikakitangaza mtaa mzima. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kisukuma aliyehamia mjini na mbwa wake wa kuchungia ng'ombe, aliniuliza tu, "Mayu, na yule anayelala mlangoni kwako ana kasoro gani?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, neno la heshima. Nilicheka, nikapita zangu.

Halafu likapita gari la matangazo. Jumamosi mbwa wote wapelekwe shule ya msingi wakachanjwe kichaa cha mbwa. Aliyechanjwa atafungwa utepe shingoni. Asiye na utepe, wiki inayofuata atapigwa risasi. Nilisikia vizuri kabisa.

Jumamosi nikabeba kitoto changu, nimekizungushia kitenge kipya. Foleni ndefu, mbwa wanabweka, na pembeni yangu wamesimama wenzangu wa kwaya wanakishikashika: "Jamani, kizuri! Kama mtoto wa mtu!" Kichwa kikanivimba. Kumbe yule koko alikuwa amenifuata. Akapenya katikati ya watu, akaja akakaa juu ya mguu wangu.

Bwana mifugo alimaliza kukichanja kitoto, akaniandikia kadi, akamtazama yule wa chini. "Na huyu?"

"Simjui."

"Humjui, naye amekukalia mguuni?"

Watu wakacheka. Joto likanipanda mpaka masikioni. "Wa mtaani huyo! Mimi na mbwa wa mtaani, wapi na wapi?" Nikavuta mguu. Akasogea, akaukalia tena. Na nilijua maana ya nilichosema: bila mwenyewe hakuna kadi, na bila kadi hakuna utepe.

Bibi alikuwa nyuma yangu na mbwa wake. "Mwandike huyo ni wangu," akasema.

"Haya, mwenye mbwa ashike."

Bibi akainama. Mbwa akatoa meno. Bwana mifugo akajaribu mwenyewe, nusura ang'atwe mkono. Akarudi nyuma, akaifunika sindano. "Bibi, huyu nitamwacha. Hana aliyemzoea hapa."

Bibi hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningemjibu, kujibu najua. Alinisogelea, akasema polepole, "Mayu, wewe mshike kichwa tu. Mimi nitaendelea kusema ni wangu."

Nikampa mwenzangu kitoto, nikapiga magoti vumbini na gauni langu. Nikamshika. Akatulia hapo hapo, akaegemeza kidevu kwenye kiganja changu, na sindano ilipoingia hata hakushtuka. Kwaya nzima ilikuwa inanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bibi akamfunga kamba, akaenda naye kwake. Kitoto changu cha kizungu kikakua mkia umejikunja, masikio yamelala, koko kama koko wengine. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka, nami, ajabu, nilinyamaza. Na kila asubuhi yule mwenye sikio nusu alinisindikiza mpaka dukani. Akiona nimefungua mlango anageuka, anarudi kwa bibi.

Mwaka uliofuata miguu ya bibi ilikuwa imevimba. Akaniambia, "Mayu, nipelekee mbwa wangu chanjo." Nilimpeleka yule mwenye sikio nusu, na njia nzima nilikuwa najizoeza kusema neno moja: wangu. Nilitaka nilitamke kwa sauti, mbele ya wale wale. Foleni ilikuwa ile ile, kwaya ile ile. Bwana mifugo akaifungua kadi, akanitazama.

"Mbwa wa nani?"

Nikafungua mdomo. Kadi ilikuwa na jina la bibi, na bibi alikuwa nyumbani anamsubiri mbwa wake.

"Wa bibi," nikasema. Kisha nikapiga magoti, nikamshika kichwa.