Siku Niliyomnyima Mratibu Ruhusa ya Kuandika

Ilianza Jumanne ya kwanza ya Desemba 1999, saa nne na robo asubuhi. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimekaa chini ya saa ya ukutani, najifanya nasoma ili mtu asinisemeshe.

Nilikuwa kidato cha tatu, likizo, na shangazi alikuwa ananichukua nishinde naye kazini. Alikuwa mpiga chapa kwenye mradi wa mbegu hapa Mpanda mjini. Ofisi ilikuwa na kompyuta tatu, zote zikitunza mafaili kwenye seva moja, kisanduku cheusi kilichounganishwa nazo kwa nyaya. Shangazi akafungua orodha ya wakulima wa kijiji cha Kasokola. Kioo kikamjibu hana ruhusa. Akajaribu ya Magamba: hana ruhusa. Bwana stoo naye, hivyo hivyo.

Mratibu wa mradi akatoka ofisini kwake. "Hata mimi nimenyimwa! Nani anashinda na haya mafaili? Ni wewe, mama. Umeyafunga."

"Mzee, niyafunge ili iweje?"

"Utaandika maelezo. Saa tisa niyakute mezani."

Pale ofisini, aliyetangulia kuandika maelezo hakumaliza mwezi kazini. Shangazi akachukua karatasi, akaanza kuandika.

Watu wananitisha, vitabu havinitishi. Kitabu cha ile seva nilikuwa nimekisoma wiki nzima na kamusi pembeni, kwa kukosa la kufanya. Nikamnong'oneza shangazi kwamba kwenye kompyuta kuna ukurasa wa ruhusa, na fundi aliyeifunga seva aliandika neno la siri la msimamizi nyuma ya jalada la kitabu. Yeye badala ya kunong'ona akapaza sauti: "Mzee, huyu mtoto anasema anaweza!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nikakaa kwenye kiti cha shangazi, nikaandika neno la siri.

Ukurasa ukafunguka. Mahali pa majina ya wote watatu palikuwa na jina moja tu: MKUU. Ruhusa zote ni zake. Nikaelewa papo hapo, ila kusema ndiyo kazi.

"Samahani, Mzee. Mkuu ni nani?"

Bwana stoo akacheka mpaka akashika meza. "Binti, we mgeni? Mkuu hapa ni mmoja tu, Mzee mwenyewe!"

Mratibu akavua miwani. "Jana niliona majina yenu yamepangwa juu ya langu. Nikafuta yote, nikajiandikisha upya kwa cheo."

"Kompyuta yako bado inaingia kwa jina la zamani, Mzee. Ndo maana na wewe imekukatalia."

"Fungua kwanza. Maelezo tutaona."

Nikarudisha majina matatu, halafu ikabidi nimuulize kila mmoja aruhusiwe nini. Mimi, ambaye darasani sinyooshi mkono! Shangazi akasema kusoma na kuandika. Bwana stoo akasema kusoma kunamtosha, asije akaulizwa. Mratibu akasema, "Mimi yote."

"Kusoma yote, sawa Mzee. Kuandika, hapana."

"Nani kasema?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. "Mimi. Orodha anaandika shangazi. Ukifuta kitu, ataulizwa yeye."

Akanikazia macho. Sikuangalia chini, na hilo najivunia hadi leo kuliko alama zangu zote za shule. "Haya, weka," akasema.

Nikahifadhi. Shangazi akajaribu orodha ya Kasokola. Hana ruhusa! Nikarudi kitabuni, nikafunua kurasa mpaka nikaona kosa langu: nilibadilisha ruhusa za folda ya juu tu, mafaili ya ndani yakabaki na amri ya jana. Kulikuwa na kijisanduku cha kuweka alama, kwamba ruhusa ziteremke kwa vyote vilivyomo. Nikaweka alama, nikahifadhi tena. Taa ya seva ikapepesa kama dakika nne hivi.

Orodha ikafunguka, majina yote ya Kasokola mpaka la mwisho.

Mratibu akaichukua karatasi ya maelezo, mistari mitatu tu, akaikunja akaitia mfukoni. Shangazi alinishika bega, akabonyeza kwa nguvu mpaka likauma, na mimi nilifurahi likiuma.

Kesho yake asubuhi nilifika kabla ya Mratibu. Nikafungua orodha kwenye kompyuta yake, kwa jina lake, nikafuta mkulima mmoja, nikajaribu kuhifadhi. Ikanikatalia. Nikajaribu mara ya pili, kwa raha zangu tu, kisha nikarudisha kiti chake mahali pake.