Darasa Lisilo na Kelele

Jirani yangu anasomea ualimu, na mazoezi ya kufundisha anayafanyia chumbani kwake, kwa simu aliyoiegemeza kwenye birika. Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo hesabu za darasa la nne nazijua kuliko ninavyotaka. Kila asubuhi huvaa viatu vya kutokea, ingawa hakuna anayemwona miguu. Huanza kwa kusema, "Zimeni maiki, wanangu." Kisha hufundisha katika kimya kile, akiuliza, "Mmeelewa?" huku ametega sikio. Hujibiwa kwa vidole gumba vya kuchorwa vinavyotokea kwenye simu. "Simu inawafikia hata wa mbali, dada," aliwahi kuniambia, akipangusa vidole kana kwamba vina chaki. "Ila uso wa mtoto asiyeelewa hainiletei."

Jana nilikuwa mlangoni kwake, namrudishia pasi. Mtoto mmoja alisahau kuzima maiki. Tukamsikia akirudia hesabu polepole, anakosea, anajicheka. Kidole cha jirani kilikwenda kumzimia maiki, kikasita. "Leo washeni wote," akasema. Chumba kikajaa sufuria, majogoo, vichanga wanaolia na watoto wanaoitana. Akafumba macho, akaliacha lile zogo limzunguke. Halafu, taratibu, kama anayeonja kitu alichokitamani siku nyingi, akasema: "Haya, nyamazeni."