Upande wa Kushoto wa Mama

Tuliporudi kwetu Gurei kutoka Uganda baada ya vita, tulijenga tukul, nyumba ya udongo na nyasi, palepale palipokuwa boma la babu. Babu alizikwa uani, na bangili yake ya shaba mkononi, tukiwa uhamishoni, na waliomzika nao walikuwa wamekwisha kufa. Baba mdogo, mjuzi wa kila kitu asichokiona, alisema kaburi liko nyuma ya ukuta wa mashariki.

Mwezi haukuisha, mama akaanza kushikwa na kizunguzungu. Kila akigeukia kushoto kitandani, nyumba ilizunguka naye, akatapika. Kushoto kwake ndiko mashariki. Nikaona macho yake yakirukaruka yenyewe, kama yanamfuata mtu anayepita mbio chumbani. Niliogopa, nikawa sitaki kubaki naye peke yangu hata mchana.

"Shemeji, mzee hapana taka wewe hapa," baba mdogo alisema. "Rudi Uganda na watoto."

Turudi kwa nani? Baba alifia huko, na nyumba hii mama aliikandika kwa mikono yake. Tukahamishia kitanda kwenye ukuta wa magharibi, mama akalaza kichwa upande ilipokuwa miguu. Sasa kushoto kwake kukawa magharibi. Kizunguzungu kikahamia huko pamoja naye.

Tulipomweleza tabibu wa zahanati, alimlaza mama ghafla, kichwa kimegeuzwa kushoto, akayatazama macho yakiruka.

"Hii hapana mzee, mama. Hii ni sikio."

Ndani ya sikio, alisema, kuna kitu kinachopima mwendo wa kichwa, na cha mama kilikuwa kinadanganya. Kila asubuhi alale upande huohuo kwa makusudi, angoje kizunguzungu kipite, ainuke, arudie.

"Dawa ya moto ni moto," mama akasema, akaenda kulala. Baada ya wiki kadhaa kizunguzungu kikaisha.

Mvua zilipokuja, ukuta wa magharibi ukaporomoka. Tukasogeza kitanda tuchimbe mashimo ya nguzo. Jembe la baba mdogo likatoa mfupa wa mkono, bado umevaa bangili ya shaba ya babu. Ulikuwa chini ya mahali ambapo mama alilaza kichwa kila asubuhi.

Baba mdogo akaangusha jembe. Mama akainama, akageuza kichwa kushoto taratibu, akangoja. Tukangoja naye. Kizunguzungu hakikuja.

"Funika mzee, shemeji," mama akasema. "Sisi yote iko nyumbani."

Mimi nilikuwa nimeshika nguzo kwa mikono miwili, nikiogopa nyumba isije ikazunguka nami.