Mwekezaji na Wenye Mashamba

Mama mkubwa alinipigia simu Alhamisi, nikitoka darasani. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Morogoro mjini, lakini kwetu ni juu, Uluguru.

"Jumamosi tunaletewa mwekezaji," akasema. "Anataka kuchimba mawe ya vito. Njoo utafsiri wewe, tusije tukaambiwa nusu nusu."

Nilipanda mlima na msimamo wangu. Shuleni, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia walimu wenzangu kila siku kwamba wageni wanatumaliza.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Mwekezaji, mzungu mrefu mwenye pua iliyoungua jua, aliomba wanaume wenye mashamba wasogee mbele. Nikatafsiri. Watu wakaangua kicheko, na wanaume ndio waliocheka zaidi.

Mama mkubwa akasimama. "Mwambie hawa waume zetu wamekuja kwa ndoa. Kwetu sisi shamba ni la ukoo wa mama."

Nilipomweleza, uso ulimwiva. Kisha naye akacheka, akageuza kiti chake kuwaelekea wanawake.

Hapo kazi ikawa ngumu. Kijana mmoja alisema amechoka kubeba ndizi kichwani hadi barabarani, anataka ajira hata kesho. Nilitafsiri kila neno, na sikuona alipokosea. Mama mkubwa akauliza chemchemi italindwaje, na mashimo atayafukia nani.

Mgeni akaandika kwenye daftari. "Suala la maji sikulifikiria vya kutosha," akakiri. "Nitaleta majibu kwa maandishi."

"Kwa Kiswahili," akasema mama mkubwa.

Baada ya wiki chache alirudi na karatasi zake za Kiswahili, nami nikaitwa tena. Nikaanza kuwasomea watu kwa sauti. Ukurasa wa pili kampuni yake iliahidi "kufukia chemchemi zote za kijiji". Wanawake walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa khanga. Nikatoa kalamu nyekundu, nikakaa naye kwenye benchi, tukasahihisha mstari kwa mstari kama daftari la mwanafunzi. Akaweka saini kila ukurasa.

Kijiji kikakubali achimbe kwa majaribio upande wa pili wa mlima, mbali na maji. Yule kijana wa ndizi anafanya kazi huko sasa. Mama mkubwa naye hupanda kila Ijumaa asubuhi na mwavuli wake kwenda kukagua, na nasikia wamemtengea kiti.