Moshi Juu ya Mafunjo ya Mangateen

Kwa nini mafunjo ya kinamasi kimoja yatoe majibu mawili? Siku yangu ya kwanza maabara, hapa Juba, nilimuuliza mkuu wa maabara swali hilo. Jibu hakuwa nalo, ila cheo alikuwa nacho.

"Mashine haidanganyi, binti."

"Haidanganyi, mzee. Lakini itajuaje tumeilisha nini?"

Mashine yenyewe ni spektrofotometa. Tuliyeyusha unga wa nyuzi za mafunjo kwa magadi makali, tukamimina majimaji kwenye kichupa cha kwatzi, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho. Lignini, gundi inayousimamisha mmea, humeza mwanga huo hasa karibu na nanomita 280. Mstari ukipanda hapo, lignini ni nyingi.

Mafunjo tuliyovuna wenyewe yalichora kilima. Ya kina mama wa Mangateen, mtaa wa hapa Juba, yalichora mlima. Mnunuzi wa karatasi alisubiri neno letu, maana lignini nyingi hugeuza karatasi kuwa ya njano, na kina mama walikuwa wamekata mafunjo ya msimu mzima kwa ajili yake.

"Yamekataliwa," alisema mkuu.

Nilimwomba asitoe jibu kabla sijafika Mangateen. Huko nilimkuta kiongozi wao, Mama Poni, jikoni. Mafunjo yalining'inia juu ya kuni, yamekolea masizi.

"Mama, mbona juu ya moto?"

"Mvua iko inanyesha, mchwa iko inakula. Moshi inafukuza. Ama wewe na digrii yako utafukuza?"

Wenzake waliangua kicheko. Nami nikacheka huku nikinusa fungu moja.

Kanuni hutaka nyuzi zioshwe kwanza kwa spiriti, ili kutoa kila kilichozigandia. Mkuu alikuwa ameiruka hatua hiyo kwa sababu spiriti ilikuwa adimu. Niliporudi maabara, alinipa shingo upande chupa moja.

"Ikiisha, utaoshea mate."

Spiriti ilitoka na rangi ya chai. Tulipopima tena, mlima ulishuka ukalingana na kilima chetu. Mkuu alivua miwani, akashusha pumzi.

"Kalas, yameisha. Mwambie Mama Poni wauze."

Mama Poni alipiga kigelegele hata nikaitenga simu na sikio.

Kazi hiyo nimeshaiacha, na ninyi mnaoingia maabara sasa mnaniita mzee wa mashine ingawa sina mvi hata moja. Haya, mzee anasema: shukuni kila jibu, hata lile lililowapa nafuu. Nilidhani moshi uliidanganya mashine. Baadaye sana, nikisoma mambo mengine kabisa, ndipo nilipojua kwamba kinachomeza mwanga ule ndani ya moshi wa kuni ni vipande vya lignini ya kuni zenyewe, vilivyovunjwa na moto. Mashine iliona lignini kweli, ila haikuwa ya mafunjo.