Nyayo za Kumtangulia Mjomba

Sisi tuliokulia Utange kabla cabro, yale matofali ya kutandazwa uwanjani, haijajua njia ya kuja kwetu tuliamshwa na sauti ya fagio. Hawe, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, alishika fagio lake la chelewa alfajiri, akaanzia mlangoni, akafagia kinyumenyume hadi barabarani, mchanga ukabaki na mistari kama nywele zilizotoka kuchanwa. Alikuwa ameunyunyizia maji kwanza, na harufu yake iliingia ndani pamoja na ya mihogo iliyokuwa ikichemka jikoni. Hadi leo nikinusa mchanga uliolowa, nasikia njaa.

Uwanja ule ndio uliokuwa fahari yake. Ole wako uukanyage kabla jirani wa kwanza hajapita akauona! Kandambili ya Hawe ilikuwa na shabaha, wala haikuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mimi, kaka yangu Safari na binamu yetu Kadzo tulingoja barazani, gololi mfukoni, tumetulia kama tuko kanisani. Watoto wa siku hizi nao hutulia hivyo, ila mpaka bando iwaishie.

Kisha Mjomba Kazungu akarudi. Alikuwa mwanajeshi, alipelekwa nchi za watu kulinda amani, na sisi tulikuwa tumejiandaa kusikia hadithi za bunduki. Aliyeshuka na begi alikuwa mtu mkimya, amekonda, anakunywa chai macho yakiwa mlangoni. Akaacha jeshi, akapata kazi ghalani Changamwe. Asubuhi alivaa, akapiga viatu rangi, akafika kizingitini, akasimama. Jasho lilimtoka hapo mpaka saa ya kazi ikapita. Kesho yake vivyo hivyo. Majirani wakasema ni uvivu, wengine wakasema amerogwa huko alikokuwa, na kule ghalani wakaagiza aambiwe kwamba nafasi haitamngoja.

Hawe alimuuliza mbele yetu, kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo na siri haikuwa na pa kukaa.

"Kule tulikokuwa, mama, mchanga ukiwa laini hivi, ujue kuna bomu limefukiwa," Mjomba akasema. "Mwenzangu alinitangulia hatua moja tu."

Tulidhani ataacha kufagia. Aache, Hawe? Asubuhi alifagia kama kawaida, mistari imenyooka, kisha akatuita. Tukaitika abee, tukaja.

"Haya. Mtangulieni mjomba wenu."

Tuliangalia kandambili kwanza, tukidhani ni mtego. Kisha tukatoka mbio, miguu mitupu, kutoka mlangoni hadi barabarani na kurudi, tukaivuruga mistari yote huku tunacheka. Mjomba alifumba macho mpaka aliposikia vicheko vyetu vimerudi. Ndipo akaanza kutembea, akikanyaga ndani ya nyayo zetu, mtu mzima kwa vidole vya miguu kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Siku hiyo alifika Changamwe.

Ukawa ndio mchezo wetu wa kila asubuhi, na kwangu ulishinda michezo ya kibe na kati. Lakini hatukumponya, nisidanganye. Msimu wa kulima hakukaribia shamba la mtu. Akilala mchana alimwita yule mwenzake kwa jina, na Hawe, akiwa anachambua mchicha wake, alimwitikia taratibu kwamba yupo, alale.

Siku hizi uwanja wote wa mbele ni cabro. Mjomba hutoka na kuingia apendavyo, na kwa hilo naishukuru. Lakini nauonea huruma uwanja usio na nyayo. Zamani ukirudi ulijua nani amekuja kukutazama, na kama alikuja na mtoto. Sasa mpaka akupigie.

Hawe tulimzika masika haya, nyuma ya nyumba, ambako cabro haijafika. Wageni walipoondoka, watoto wetu walifagia pale kaburini, na wakafagia vizuri, siwezi kuwasema. Asubuhi Mjomba akaja na asumini zake mkononi, kichwa cheupe, akafika cabro inapoishia, akasimama. Vijana wakamuuliza kama aletewe kiti.

Sisi watatu hatukuuliza kitu. Nilivua viatu. Kadzo, mwalimu mzima, akakunja leso yake. Safari ana goti bovu, na uzito wangu daktari keshauchoka. Tukakimbia hivyo hivyo hadi kaburini na kurudi, tunahema na kucheka huku tunalia, na vijana nao wakatoa simu wakaanza kuturekodi. Mjomba alikuwa amefumba macho.

Alipoyafumbua, akaweka mguu ndani ya unyayo wangu. Akautazama.

"Miguu yenu imekua," akasema.

Akaenda mpaka kwa mama yake kwa unyayo mzima.